Maktaba ya chuo kikuu Bukavu: rafu, kaunta na Research4Life kwa mwanafunzi wa L1

Karo ya mwaka ikishalipwa, haki ya kuingia maktaba kwa kawaida imo ndani yake. Hata hivyo wanafunzi wengi wa L1 (mwaka wa kwanza) hapa Bukavu wanamaliza mwaka mzima wakiishi kwa silabusi na fotokopi, na maktaba wanaikumbuka wakati wa memuari (andiko la kumaliza masomo), muda ukiwa umebana na kompyuta zina foleni. Inauma, kwa sababu huduma hii ni nzuri kuliko sifa yake. Ila haijielezi yenyewe, na sehemu yake yenye thamani kuliko zote haionekani kwa macho ukiingia mlangoni.

Vitabu vya karatasi kwanza. Kwa masomo ya msingi vinatosha, na vingi ni vya Kifaransa. Tatizo ni umri wao. Kabla ya kuazima, fungua kurasa za mwanzo uangalie mwaka wa toleo. Kitabu cha hesabu cha 1985 kinafundisha leo kama kilivyofundisha siku kilipochapwa. Cha sheria hapana: Sheria ya Familia ya Kongo ni ya 1987, lakini ilirekebishwa kwa sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, kwa hiyo chapa ya kabla ya hapo itakupotosha kwenye mtihani. Vitabu vya udaktari na vya informatiki vitazame kwa jicho hilohilo.

Kinachowashinda wapya ni namba iliyo kwenye mgongo wa kitabu, ambayo wahudumu wanaiita « cote ». Namba hiyo ni anwani ya kitabu. Maktaba nyingi hufuata mpango wa Dewey, uliotoka Marekani mwaka 1876, au ule wa CDU (Classification décimale universelle), uliotengenezwa Brussels na Paul Otlet na Henri La Fontaine. Kuzitofautisha ni rahisi. Dewey haishuki chini ya tarakimu tatu: sheria ni 340, udaktari 610, kilimo 630. CDU inaacha sifuri za mwisho: 34, 61, 63, na mara nyingi utaona mabano au nukta mbili katikati ya namba. Angalia hasa upande wa lugha: Dewey inaziweka kwenye 400, wakati CDU imeliacha fungu la 4 tupu na kuzihamishia 81. Anayetafuta sarufi kwa mazoea ya maktaba nyingine atazunguka bure.

Baada ya nukta, namba husomwa tarakimu moja moja. Kitabu cha volkano, 551.21, kinatangulia 551.3, kwa sababu 2 iko kabla ya 3. Mpya anasoma « ishirini na moja », anakitafuta baada ya 551.3, hakioni, anaondoka akisema kimeibwa. Chini ya namba kuna herufi tatu, kwa kawaida za jina la mwandishi. Kwa mwandishi Mkongomani, anza na nom (jina la ukoo), si jina la ubatizo. Ukikosa, jaribu postnom, jina linalofuata nom. Na ukimaliza kusoma, usirudishe kitabu rafuni mwenyewe, kiache mezani. Kitabu kilichowekwa pasipo pake ni kama kimepotea, kwa maana katalogi itaendelea kusema kipo.

Katalogi ya kompyuta mara nyingi ni Koha au PMB, programu mbili za bure. Zinafanya kazi vizuri ukiandika machache: jina la mwandishi na neno moja la kichwa cha kitabu. Sentensi nzima huleta matokeo sifuri, na Kiswahili vilevile, kwa kuwa vichwa vimeingizwa kwa Kifaransa: andika « volcan », si « volkano ». Nyota mwishoni mwa mzizi, kama « agric* », kwa kawaida hukusanya agriculture, agricole na agriculteur kwa mara moja. Kisha soma hali ya nakala kabla ya kuinuka kitini. « Disponible » maana yake ipo. « Exclu du prêt » inasomwa humohumo tu. Udhaifu mkubwa ni kwamba vitabu vya zamani, TFC (kazi za kumaliza mzunguko wa kwanza) na memuari huenda havijaingizwa kwenye kompyuta. Viko kwenye fishi au rejista. Katalogi ikisema hakuna, usiamini mpaka umeuliza kaunta.

Sasa kile kisichoonekana. Research4Life ni mlango mmoja unaofungua makusanyo matano ya majarida na vitabu vya kisayansi: Hinari ya afya (2002), AGORA ya kilimo (2003), OARE ya mazingira (2006), ARDI ya teknolojia (2009) na GOALI ya sheria (2018). Kongo imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hazilipi chochote. Makala ambayo tovuti ya mchapishaji inakudai dola 30 au 40, hapa unaisoma bure. Kwa uzito huo, ningeiweka mbele ya rafu zote.

Ufunguo lakini si wako. Chuo ndicho kinachojiandikisha, kinapewa jina na neno la siri, na mara nyingi mwenye kuvitunza ni mkutubi. Nenda kaunta asubuhi, kabla ya msongamano, na useme waziwazi: « Papa, shikamoo, ninaomba unionyeshe namna ya kuingia Research4Life. » Ukiuliza tu « kuna intaneti? », utaonyeshwa waifai na basi. Kama chuo hakijajiandikisha, maombi yanatoka kwa mkutubi au uongozi, na mwakilishi wa promosyo (wanafunzi wa mwaka mmoja) anaweza kulifuatilia hilo.

Kosa linalorudiwa kila siku ni kuanzia Google. Unatafuta makala, unaangukia tovuti ya mchapishaji, inakudai pesa, unadhani huduma haifanyi kazi. Mchapishaji hajui umetoka wapi. Ingia kwanza kwenye portal.research4life.org, andika jina na neno la siri kwa herufi kubwa na ndogo zilezile ulizopewa, kisha tafuta ukiwa ndani. Linki aliyokutumia mwenzako kwa WhatsApp nayo huishia kwenye ukurasa wa malipo, kwa sababu ile njia ya kupitia mlangoni imekatika. Na usipakue jarida zima toleo baada ya toleo: wachapishaji wanafuatilia, na wakifunga, wanakifungia chuo chote. Kwa sababu hiyohiyo, neno la siri halibandikwi kwenye kundi la promosyo.

Baadhi ya majarida yanabaki yamefungwa hata ukiwa ndani, maana kila mchapishaji anachagua atoe nini na kwa nchi gani. Hapo fungua Google Scholar, bonyeza kiungo chenye neno « versions » chini ya makala. Mara nyingi kuna nakala ya bure kwenye HAL au PubMed Central, hifadhi za wazi za makala.

Dosari nzito zaidi ni lugha. Sehemu kubwa ya makala ni Kiingereza, na mwanafunzi wa L1 amesoma kwa Kifaransa. Njia ya kuvuka ni maneno yasiyobadilika kati ya lugha. Kwa ugonjwa wa kunyauka migomba uliowatesa wakulima wa Kivu, andika « Xanthomonas » pamoja na « Kivu ». Kwa muhogo, « Manihot esculenta » inakamata lugha zote mbili. Nyiragongo ni Nyiragongo popote. Maneno mawili yanayokwenda pamoja yafunge kwa alama za kunukuu, « "Lake Kivu" », la sivyo utapata kila ziwa la dunia. Kisha soma muhtasari kwanza. Aya moja inatosha kujua kama makala inastahili kupakuliwa. Kwa sheria, historia na sosholojia, tovuti za Persée na OpenEdition zina makala nyingi za Kifaransa bila malipo wala neno la siri, na kwa fani hizo ningeanzia huko.

Faili ya makala moja mara nyingi haifiki MB 3, kwa hiyo hata mega za simu zinaitosha. Pakua mara tu umeiona, maana umeme ukikatika ukurasa unapotea na ile kazi ya kutafuta pia. Jitumie faili kwa barua pepe badala ya kuchomeka flashi: kompyuta za watu wengi huambukiza, na siku inayofuata unakuta folda zako zote zimegeuka « raccourci » (njia za mkato).

Pamoja na hayo, weka Zotero kwenye kompyuta yako tangu L1. Ni ya bure, inatunza marejeo na kuyapanga ndani ya Word au LibreOffice kwa mtindo ambao kitivo kinataka. Hifadhi yake ya mtandaoni ya bure ni MB 300. Kwenye kompyuta yenyewe haina kikomo isipokuwa diski yako. Kagua tu majina ya Kikongomani baada ya kila rejeo, kwa sababu programu hupenda kuchukua nom na kuifanya jina la ubatizo.