Uzoefu Wangu na Discorder, Jarida la Muziki la Redio ya Chuo

Discorder ni jarida la muziki linalotolewa na CiTR 101.9 FM, redio ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, nchini Kanada. Toleo la kwanza lilitoka Februari 1983, muda mfupi baada ya redio hiyo kuanza kurusha matangazo kwa FM mwaka 1982, na tangu mwanzo limekuwa likigawiwa bure. Nimelisoma kwa muda mrefu, kwanza nilipokuwa naishi Vancouver na baadaye kupitia nakala za zamani, na nalihesabu kuwa miongoni mwa machapisho ya muziki yaliyonifaa kuliko mengi niliyoyalipia.

Sehemu niliyoitegemea zaidi ni chati. Chati za kawaida hupangwa kwa kufuata mauzo, lakini ya Discorder huonyesha albamu ambazo watangazaji wa CiTR walizicheza zaidi katika mwezi uliopita, na wasanii wa Kanada huwekewa alama ya kinyota pembeni ya majina yao. Alama hiyo ina uzito wake, kwa kuwa kanuni za utangazaji za Kanada huzitaka redio za vyuo zicheze angalau asilimia 35 ya nyimbo za Kikanada kila wiki katika muziki wa pop, roki na mitindo iliyo karibu nao. Msomaji wa chati hii anaona wazi kwamba watangazaji hawakuichukulia kanuni hiyo kama mzigo: mara nyingi vinyota vimejaa hadi nafasi za juu, na bendi iliyorekodi kanda yake mjini Vancouver imekaa jirani na msanii anayejulikana duniani kote. Nilizoea kuisoma chati kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu nafasi za chini ndizo zilizokuwa na majina nisiyoyafahamu hata kidogo, na huko ndiko nilikopata muziki ninaousikiliza hadi leo.

Ratiba ya vipindi huchapwa katika jarida hilohilo, na faida yake huonekana mtu anapoitumia pamoja na chati. Redio ya chuo haichezi muziki wa aina moja kutwa nzima. Saa moja ni jazi, inayofuata ni metali, kisha muziki wa majaribio, na msikilizaji asiye na ratiba hukata tamaa upesi. Kwa kuisoma nilijua siku ya kumsikiliza Nardwuar, mtangazaji anayewahoji wanamuziki, ambaye mahojiano yake yalianza kurushwa CiTR mwaka 1987, na muhimu zaidi, nilivijua vipindi vidogo ambavyo hakuna mtu angenitajia.

Uhakiki umegawanywa katika sehemu mbili kuu: Under Review kwa albamu na Real Live Action kwa maonyesho ya jukwaani. Waandishi wengi ni watu wa kujitolea, kwa hiyo ubora hutofautiana kutoka makala hadi makala, na kwa maoni yangu hilo linavumilika kabisa, maana anayeandika bila malipo kuhusu bendi iliyopiga mbele ya watu wachache huwa amefika pale kwa mapenzi yake. Real Live Action ndiyo ninayoipenda zaidi. Inaeleza sauti ilivyosikika ukumbini, wimbo uliowagusa wasikilizaji, hata hali ya ukumbi wenyewe, na kumbi kadhaa zilizotajwa katika matoleo ya zamani hazipo tena.

Niliwahi kufuatilia pia jarida la redio nyingine ya chuo, ambalo sitalitaja, na hapo ndipo nilipotambua jinsi kazi hii inavyoweza kuharibika. Uhakiki wake ulikuwa sifa tupu, mara nyingine ukirudia karibu neno kwa neno maelezo yaliyotumwa na kampuni za kurekodi, na ratiba iliondolewa ili kupisha matangazo ya biashara. Nikabaki na jarida lisilonielekeza redioni wala kunisaidia kuchagua albamu.

Asiyeishi Vancouver hana sababu ya kukosa Discorder. Maktaba ya Chuo Kikuu cha British Columbia imeyaweka matoleo ya zamani katika mikusanyo yake ya kidijitali, ambako mtu yeyote anaweza kuyasoma bure na kutafuta jina la bendi ndani ya kurasa zake. Ningemshauri anayeanza achague mwaka mmoja wa miaka ya 1980, asome matoleo yake kwa kufuatana, na asiyaruke matangazo ya maduka ya santuri na ya maonyesho, kwa kuwa yanataja tarehe, kumbi na bendi ambazo makala zenyewe hazikupata nafasi ya kuzizungumzia.