Kifaa cha antena tatu cha kutafutia waliofukiwa na theluji: kizuri, ila swichi yake ngumu

Kazi kuu kinaifanya vizuri. Kinatumia masafa ya kilohezi 457 kama vifaa vyote vya aina hii, kwa hiyo kinasikilizana na cha mwenzako hata kama ni cha kampuni nyingine. Mshale unatulia, namba za umbali haziruki ovyo.

Antena ya tatu ndiyo thamani yenyewe. Vya antena mbili vinaweza kuonyesha vilele viwili vya mawimbi, yaani sehemu mbili ambapo yanasikika kwa nguvu zaidi, juu ya mtu mmoja aliyefukiwa kwa kina kirefu, na hapo dakika zinapotea.

Namba ya umbali ikifika mita 3, punguza kasi, kishushe hadi kikaribie kugusa theluji, kisha kipitishe kwa msalaba bila kukizungusha. Ukikigeuza, namba zinabadilika ilhali hujasogea. Penye namba ndogo kabisa anza kuchoma ufito (fimbo ndefu nyembamba ya kumpapasia mtu chini ya theluji), ukiuelekeza kwa pembe mraba na uso wa mteremko, si wima kuelekea chini. Usipogusa mtu, endelea kuchoma ukipanua duara kwa hatua za sentimita 25. Ukigusa mtu, uache ufito palepale, kisha chimba kuanzia upande wa chini wa mteremko.

Kasoro ni swichi: kwa glavu nene, kuhama kutoka kutuma mawimbi yako kwenda kutafuta ya aliyefukiwa ni kero. Betri weka za alkali; za kuchaji hushuka ghafla, na asilimia ya kwenye skrini inakudanganya. Simu ikae sentimita 20 mbali unapotuma, 50 unapotafuta.