Uzoefu wangu: kulijengea lipiko ukumbi wa maonyesho mtandaoni

Kwa miezi miwili nimetumia programu ya kujenga kumbi pepe za maonyesho, ile inayofunguka ndani ya kivinjari bila mgeni kulazimika kupakua chochote, ili kuandaa onyesho dogo la kitu kimoja tu: lipiko, kinyago kinachovaliwa katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde. Naandika kwa ajili ya mtu anayefikiria kuitumia kwa kazi ya namna hii, kwa sababu maelezo ya wauzaji yanahusu zaidi picha za kutundikwa ukutani, na lipiko halikuchongwa ili litundikwe.

Lipiko nililoruhusiwa kulipiga picha ni la aina ya uwanda wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, ambalo huvaliwa kichwani kama kofia, tofauti na vinyago vya upande wa Tanzania ambavyo mara nyingi hufunika uso peke yake. Limechongwa kwa mti mwepesi. (Wengi hudhani ni mpingo, kwa kuwa jina la Wamakonde limeshikamana na mpingo, atakayecheza usiku kucha na gogo la mpingo kichwani tumwombee shingo.) Nywele zake ni za binadamu, zimebandikwa kwa nta, na nywele hizo ndizo zilizonitesa mwanzoni. Nilipiga picha zaidi ya 200 nikilizunguka, lakini umbo la pande tatu lilipokamilika nywele zilikuwa kama tope lililokauka. Hilo siilaumu programu ya ukumbi, kwani umbo hutengenezwa kwingine. Nilirudia kazi kivulini, pasipo jua kali wala mng'ao wa nta, na matokeo yakawa ya kuridhisha.

Sifa ya kwanza ya programu hii ni taa. Kila taa inaweza kusogezwa, kupunguzwa na kubadilishwa rangi peke yake, na mabadiliko yanaonekana papo hapo. Nilipoliweka lipiko chini ya taa ya juu iliyokuja na ukumbi, chale za mashavuni zilipotea kabisa, uso ukawa laini kama wa mwanasesere. Niliizima, nikaweka taa moja ya manjano upande wa kushoto, karibu na sakafu, na kila mchanjo ukapata kivuli chake. Kwa dakika hiyo moja niliona fedha yangu haikupotea.

Tatizo lilianza kwenye kitako. Programu inakulazimisha kukisimamisha kitu wima juu ya kitako, na inakuruhusu kukizungusha kushoto na kulia tu, si kukiinamisha. Anayelivaa lipiko huona kupitia tundu la mdomo, kwa hiyo kinyago hukaa kimelala kuelekea kisogoni, na ni mwili wa mchezaji unaoinama ndipo uso ukutane na watazamaji. Likisimamishwa wima, hukumbusha kichwa kilichokatwa. Ilinibidi nirudi katika programu ya kuchongea maumbo, nililaze huko, kisha nilipakie upya, kazi ya mchana mzima kwa jambo ambalo kitufe kimoja kingelimaliza.

La pili ni zito zaidi. Mzee aliyenielekeza, ambaye amecheza mapiko tangu ujana wake, alishika kishikwambi changu, akalizungusha lipiko kwa kidole, na lilipofika mahali ambapo tundu la shingoni linaonyesha ndani, akasimama. "Hapa paziba, mwanangu. Anayejua anajua." Mapiko huchezwa vijana wanapotoka jandoni, na kwa desturi wanawake na wasiopitia jando hawakupaswa kujua kuwa ndani mna mtu, sembuse kuchungulia. Nilitafuta mpangilio wa kumzuia mgeni asilizungushe kupita kiasi fulani, haupo. Nikawaandikia wahudumu, wakanijibu baada ya siku tatu kwamba wageni wanapenda uhuru wa kuona kila upande. Mwishowe nilitengeneza kifuniko cheusi nikaliziba lile tundu. Mzee alikikubali, lakini programu inayojiita ya makumbusho ingepaswa kulifikiria hili kabla yangu.

Ubao wa maelezo haupokei zaidi ya herufi 500. Nilitaka kueleza kisa cha kinyago cha Kimakonde kilichoibwa mwaka 1984 katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, kikaonekana baadaye katika Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na kikarejeshwa Tanzania mwaka 2010, kwa kuwa mgeni anayeona kinyago mtandaoni ana haki ya kuuliza kimefikaje pale na kwa idhini ya nani. Habari hiyo haikuenea, nikaisoma kwa sauti na kuipakia kama rekodi. Kwa upande wa sauti programu iko vizuri: ngoma na njuga husikika kwa mbali mlangoni na kupanda kadiri unavyolikaribia lipiko, ingawa rekodi inapojirudia kuna mkatiko mfupi unaokera sikio.

Kwenye simu za bei nafuu ukumbi hufunguka kwa shida. Punguza ukubwa wa umbo mapema, usingoje malalamiko.

Kwa maonyesho ya picha na michoro ningeipa alama nne kati ya tano. Kwa kinyago cha ngoma naipa mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya taa. Kazi ilipokamilika nilimwita mzee aingie mwenyewe. Akatembea hadi katikati, akageuka huku na huku, akaniuliza watu wako wapi. Nikamwonyesha vidoa vitatu vya bluu sakafuni, kwa maana ndivyo programu inavyowaonyesha wageni wengine. Akavitazama kidogo, kisha akaomba nimwongezee sauti ya ngoma.