Mwaka mmoja na timu ya kutunza nyasi za golfu Lubumbashi: uzoefu wangu

Wenzangu ninaocheza nao golfu hapa Lubumbashi waliniomba nifuatilie kazi ya timu iliyopewa mkataba wa kutunza nyasi za uwanja. Jina lao sitalitaja. Nilikuwa napita pale karibu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, kwa hiyo haya ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu.

Walianza vibaya. Mwezi wa sita walileta mashine ya kutoboa ardhi, wakazitoboa grini zote, yaani sehemu za nyasi fupi zenye shimo la mpira. Walisema kiangazi ndicho kinachofaa kwa kuwa hakuna tope la kukwamisha mashine. Lakini nyasi za grini zetu ni ukoka, na ukoka hutaka joto. Mji wetu uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi inauma kweli. Wakati huo ukoka umelala, haukui, na ukiujeruhi hauponi. Mashimo ambayo wakati wa joto huziba kwa wiki mbili au tatu, yetu yalikaa wazi mpaka Septemba. Mpira uliosukumwa vizuri kabisa ulikuwa unayumba na kupotea njia. Iliniuma, maana grini zile tulizilea kwa miaka.

Halafu mchanga. Baada ya kutoboa, unamwaga mchanga ujaze mashimo ili maji na hewa vifike kwenye mizizi. Wao walileta mchanga wenye udongo mwingi, ukikauka unakuwa kama tofali. Tangu siku ile napima mwenyewe: naweka mchanga kwenye chupa ya maji, natikisa, nangoja. Maji yakibaki mekundu kwa muda mrefu, lori lirudi lilikotoka.

Nilimwita kiongozi wao, tukapiga magoti pamoja kwenye grini nikamwonyesha. Hakubishana. Akasema, "Papa, umesema kweli. Mvua ikianza tutarudia, na hatutadai malipo mengine." Novemba walirudia kweli, kwa mchanga uliooshwa, ardhi ikiwa na joto na unyevu. Siku ya 18 baada ya kutoboa nilitafuta alama za matundu sikuziona. Kwa hilo nawaheshimu.

Kumwagilia wanakujua vizuri sana. Umeme wetu mnaujua, pampu huwezi kuitegemea, kwa hiyo wanajaza matangi usiku umeme ukirudi, na alfajiri wanamwagilia. Hawanyunyizi kidogo kidogo kila siku. Wanamwaga maji mengi, wanaacha siku, mizizi inayafuata chini. Agosti, nyasi za kwenye malupango (viwanja vya nyumba) mengi zilipokuwa zimegeuka kahawia, grini zetu zilikuwa bado kijani. Kwenye baridi walipandisha pia visu vya mashine ya kukata nyasi ili majani yabaki marefu kidogo. Mbolea sina la kulalamika: msimu wa mvua wanatia kidogo mara kwa mara, kwa sababu ukimwaga yote kwa mpigo mvua kubwa inaichukua.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa viwavijeshi. Vinakuja mvua zinapoanza, na vikikuwahi, usiku chache tu vinakuachia udongo mtupu. Kijana mmoja wa timu alimwaga ndoo ya maji ya sabuni mahali palipoonekana pazima kabisa. Baada ya dakika chache viwavi vikaanza kupanda juu ya majani. Walipulizia dawa jioni ileile, hatukupoteza hata grini moja.

Mkataba tumewaongezea mwaka, kwa masharti mawili niliyoomba yaandikwe: kutoboa kusifanyike kabla mvua hazijashika, na mchanga uonekane kabla haujashushwa. Bei yao si ndogo, lakini mtu anayekubali kosa lake na kulirekebisha kwa gharama yake, mimi niko tayari kumlipa. Lori la kwanza linakuja wiki ijayo, na chupa yangu iko ndani ya gari.