Duka la mvinyo la Barabara ya Lamu, Malindi: zilizoiva, zilizo changa na zilizopikwa na joto

Mvinyo wa Kiitaliano si kitu kigeni Malindi. Wenyewe Waitaliano wamekuwepo huku tangu enzi za kurusha satelaiti kutoka Ngomeni, zilizoanza mwaka 1967, na leo mtu anaweza kuitia chupa ya Chianti katika kikapu kile kile alichotilia unga na sabuni. Aliye adimu ni muuzaji wa kukwambia kwa uhakika kama chupa uliyoishika ifunguliwe leo, ingojwe, au imekwisha kupitwa na wakati wake. Duka ninalolieleza hapa, lililoko kando ya Barabara ya Lamu na lenye chumba cha kuonjea upande wa nyuma, limeamua kuifanya kazi hiyo, na kwa sehemu kubwa linaifanya vizuri kuliko hoteli nyingi za ufuoni. Lina kasoro moja kubwa, nayo imo katika rafu zake za mbele.

Ada ya kuonja ni shilingi 3,000 kwa mtu, na hukatwa katika bei iwapo utanunua chupa. Anayeongoza ni dada mmoja aliyewahi kuhudumu hotelini, na jambo la kwanza lililonipendeza ni kwamba haanzi na lebo wala na hadithi za majumba ya Ulaya. Humimina kidogo, huiinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, na hukutaka uutazame ukingo wa mvinyo, pale unapokuwa mwembamba zaidi. Mvinyo mwekundu mchanga huwa na ukingo wa zambarau, na kadiri miaka inavyopita rangi hiyo hufifia na kuelekea ile ya matofali. Mweupe huenda kinyume chake, yaani huanza na rangi hafifu kama ya majani makavu, ukaingia dhahabu, na mwisho ukawa wa kahawia, hali ambayo kwa aina nyingi ni dalili kwamba umechelewa. Hata hivyo alitahadharisha, na alitahadharisha kwa haki, kwamba jicho peke yake hudanganya: zabibu za Nebbiolo, ambazo ndizo zinazotengeneza Barolo, mvinyo mwekundu wa mkoa wa Piemonte, kaskazini mwa Italia, hutoa mvinyo mwepesi wa rangi tangu ujana wake, na ukingo wake hugeuka rangi ya machungwa mapema, hivyo asiyeujua huudhania mzee ilhali bado haujaanza kuiva.

Barolo hiyo ya mavuno ya mwaka 2019 ndiyo iliyokuwa somo kuu la jioni. Sheria ya Italia inataka Barolo ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, na angalau miezi 18 kati ya hiyo iwe ndani ya pipa la mbao, na wanunuzi wengi huku kwetu huichukulia sheria hiyo kuwa ni cheti cha uivu. Sivyo. Muda huo ni ruhusa ya kuuza tu. Funda la kwanza liliukamata ulimi na fizi kwa ukakasi ule ule anaoujua kila aliyetafuna bibo la mkanju likiwa bado halijaiva, na sababu ni ile ile, kwani mabibo nayo yana tanini, ile dutu inayoleta ukakasi. Dada alitutazama tukikunja nyuso, akasema bila kuzunguka, "Hii bado, kaka. Ukiifungua leo utaulaumu mvinyo bure."

Maelezo yaliyofuata yalikuwa bora kuliko yote niliyowahi kuyasikia mezani. Tanini hutoka katika maganda, kokwa na vikonyo vya zabibu, na kwa baadhi ya mvinyo hutoka pia katika mbao za pipa. Ndani ya chupa, tanini na chembe za rangi huungana polepole, zikawa nzito, na nyingine zikatua chini kama mashapo. Ndiyo maana mvinyo mzee hulainika na kupauka kwa wakati mmoja. Uchachu haupungui kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo anayeonja ili kupima uivu hana haja ya kuuliza tu kama kuna ukakasi, bali aulize nini kilichopo nyuma yake. Ikiwa nyuma ya ukakasi kuna utamu wa tunda, harufu ya maua na ladha inayobaki mdomoni baada ya kumeza, kungoja kuna faida. Ikiwa tunda limekwisha kuondoka na kilichosalia ni ukavu na uchachu, miaka kumi mingine haitalirudisha.

Kisha alitoa chupa iliyobaki nusu kutoka jana yake, ya Barolo ile ile, akaimimina kando ya ile mpya. Ile ya jana ilikuwa nzuri zaidi: ukakasi umetulia, harufu ya waridi imejitokeza, na tunda lilikuwa bado limesimama. Mvinyo unaoongezeka uzuri baada ya kukaa wazi usiku kucha bado una miaka mbele yake, na unaoanguka ndani ya saa chache unywewe sasa hivi. Si kipimo cha maabara, lakini kwa mtu mwenye chupa kadhaa za aina moja ni kipimo cha kuaminika, na gharama yake ni chupa moja tu. Barbera ya jana, mvinyo mwekundu mwingine wa Italia, kwa mfano, ilikuwa imeshachoka, jambo ambalo si aibu kwake, kwa kuwa Barbera ina tanini chache na uchachu mwingi, na nyingi hutengenezwa zinywewe mapema.

Tulitofautiana kuhusu Chianti Classico Riserva ya mwaka 2016. Yeye alitaka ingojwe. Mimi naona imefika. Tanini zake zimelainika, harufu za ngozi na majani makavu zimeanza kuingia, na tunda la cheri bado lipo la kutosha. Kuendelea kuingoja katika mji huu ni kucheza kamari, kwa sababu nitakazozieleza hivi punde. Aliye nayo nyumbani na aifungue kwa nyama ya mbuzi ya kuchoma.

Kuhusu mvinyo mweupe sitasema mengi. Prosecco na Moscato d'Asti, zote za mapovu, huu wa pili ukiwa na kileo cha karibu asilimia 5 tu, hazina la kungojewa, na Vermentino ya kisiwa cha Sardegna niliyoionja ilikuwa safi, yenye chumvi kwa mbali, na ilimfaa sana pweza aliyeletwa na ndimu. Ninacholalamikia ni kwamba orodha ya bei haitaji mwaka wa mavuno kwa mvinyo mweupe wowote, na hapo ndipo mwaka unapohitajika zaidi, maana mnunuzi wa Vermentino anataka mwaka wa karibuni, si masalio ya msimu uliopita wa watalii.

Sasa nije kwenye rafu. Chumba cha nyuma kina ubaridi wa nyuzi 14, chupa zimelazwa gizani, na kuna jenereta inayowaka umeme ukikatika. Sehemu ya mbele ina feni moja na dirisha kubwa linaloelekea magharibi. Malindi ya mwezi Machi hufikia nyuzi 31 na zaidi mchana, na usiku wenyewe hausaidii sana. Mvinyo ukipata joto hutanuka na kukisukuma kizibo. Ukipoa husinyaa na kuvuta hewa, na kila siku hali hiyo hujirudia. Wapo wanaodhani joto huivisha mvinyo haraka, kwa hiyo mwaka mmoja wa Malindi ni sawa na miaka kadhaa ya ghala la Piemonte. La hasha. Joto huupika: tunda hugeuka kuwa jamu, harufu hufa, na ule ulainifu unaoletwa na muda hauji kabisa.

Nilinunua Barbera mbili za mtengenezaji mmoja na mavuno mamoja, moja kutoka nyuma na moja kutoka rafu ya dirishani, kwa bei ile ile. Nilipoichana foili, yaani kifuniko cha juu ya kizibo, ya ile ya dirishani, nilikuta kizibo kimejitokeza kidogo juu ya mdomo wa chupa, na mchirizi mkavu wa zambarau, wenye kunata kidoleni, ukishuka shingoni. Ndani yake mlikuwa na ladha ya zabibu kavu zilizochemshwa. Ile ya nyuma ilikuwa hai na yenye uchachu wa kuchangamsha. Muuzaji anayejua kuonja kiasi hiki hana udhuru wa kuanika mali yake juani, na anayenunua asione haya kuipapasa foili: ikiwa imevimba juu, haizunguki au inanata, airudishe rafuni.

Wanastahili sifa kwa jinsi wanavyoandaa mvinyo mwekundu. Ile kauli ya kwamba unywewe kwa joto la chumbani ilitoka katika nyumba za Ulaya zenye nyuzi 16 hadi 18, si sebule ya Malindi, na hapa huutia kwenye friji kwa nusu saa hivi kabla ya kuumimina. Ukiwa na joto la nyuzi 29, kileo hupanda puani na mvinyo mzuri huonekana mzito na mlegevu, kisha watu wakasema umezeeka.

Niliuliza kama wana Madeira, mvinyo ulioongezwa kileo wa kisiwa cha Wareno chenye jina hilo, hawana, na nadhani wanapoteza. Huo ndio mvinyo usiolihofu joto letu, kwa sababu ulilizoea katika majahazi ya Wareno yaliyovuka nchi za tropiki. Siku hizi ule wa kawaida hupashwa moto matangini kwa nyuzi 45 hadi 50 kwa muda usiopungua miezi 3, na chupa iliyofunguliwa hudumu miezi kadhaa bila kuharibika. Katika mji ulio na nguzo ya Vasco da Gama, mtu angetarajia kuikuta hata chupa moja.

Onjo hufanyika Alhamisi na Jumamosi kuanzia saa kumi na moja jioni, na ni vyema kuweka nafasi mapema wakati wa kaskazi, wageni wanapokuwa wengi. Glasi ni safi na kubwa vya kutosha. Barbera na Vermentino zinunuliwe bila wasiwasi, mradi zitoke chumba cha nyuma. Barolo ichukuliwe na mwenye friji ya mvinyo pekee, au aiache dukani kwao, kwani hukubali kumtunzia mteja chupa zake kwa ada ndogo ya mwezi. Anayekwenda Watamu au Kilifi aje na kasha la barafu, kwa sababu nusu saa ndani ya gari lililoegeshwa juani inatosha kukianza kile ambacho rafu ya dirishani hukimaliza.