Antena ya Kuongea na Dodoma Ukiwa Dar: Nunua Waya, Acha Fimbo

Leseni yangu ya redio ya ridhaa (ham) kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipotoka na nikapata ishara yangu ya 5H, yaani jina langu la hewani, nilikimbilia antena ya wima, ile ya kusimama kama fimbo. Jioni niliwasikia Waitalia kana kwamba wako Ubungo. Rafiki yangu wa Morogoro, kilomita zisizofika 200, kimya. Fimbo haikuwa mbovu: hurusha mawimbi chinichini kuelekea upeo wa macho, na juu ya kichwa hairushi karibu chochote. Morogoro unaipata kwa kurusha juu, ionosfia, tabaka la juu la anga linaloakisi mawimbi, iyarudishe chini.

Kwa hiyo kwa Tanga, Dodoma, Arusha, hata Nairobi, naweka namba moja dipoli ya waya (waya wa pande mbili sawa, kebo ya redio ikiungwa katikati) kwenye bendi ya mita 40, yaani karibu megahezi 7. Kupata urefu wa waya, gawanya 143 kwa masafa: kwa megahezi 7.1 unapata mita 20, kumi kila upande. Kata ndefu kidogo, maana kupunguza ni rahisi kuliko kuunga. Katikati ifunge kwenye mnazi au bomba, mita 6 hadi 8 kutoka chini, ncha zishuke kama paa, ila mtu asizifikie kwa mkono. Ukirusha, zina volti kali. Usihangaike kupanda juu zaidi. Kwa kazi hii, antena kukaa chini ni faida.

Kiwanja kimebana, kama vingi vya Sinza? Chukua waya uleule, ila kebo iungwe nchani kupitia transfoma ya 49:1, kifaa cha kulinganisha waya na redio. Ni wa pili kwangu kwa sababu hunasa kelele za chaja na taa za LED za majirani.

Tatu ni dipoli ya mita 80. Inataka waya wa mita 40, nani ana uwanja huo! Mchana jua huimeza, masika radi huikwaruza. Usiku ndipo inalipa. Fimbo inabaki ya mwisho, labda kama shida yako ni Ulaya.

Kariakoo, kabla hujalipa, kwangua waya kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kebo ya RG-58, ile ya kutoka redioni hadi kwenye antena, inatosha kwa mita 20 hivi. Viungo vya kebo na waya ndivyo vitakavyokuliza. Cha kwangu, Mbezi Beach, nilikifungua baada ya masika moja: shaba imeota ukijani, nyuzi zinakatika kama nywele. Nilikuwa nimekiziba kwa silikoni inayonuka siki, na siki hiyo hula shaba. Sasa natumia utepe wa mpira unaojishika wenyewe.