Uzoefu wangu na huduma za wazazi vyuoni Mbeya na Iringa: ipi inasaidia, ipi ni kelele

Mzazi mwenye mtoto chuo kikuu huku Nyanda za Juu Kusini hupata habari za chuo kwa njia nne: kundi la WhatsApp la wazazi, tovuti ya chuo na kurasa zake za mitandaoni, akaunti ya mwanafunzi kwenye mfumo wa chuo, na simu ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Nina mmoja anasoma Mbeya na mwingine Iringa, na zote nne nazitumia. Kipimo changu ni kimoja tu: habari imenifikia kabla ya wiki ya mitihani, au imenifikia kijana ameshazuiwa mlangoni?

Nasema wiki ya mitihani kwa sababu hapo ndipo mambo yote yaliyofichika huibuka. Ada iliyobaki, kozi ambayo hakuisajili, hosteli ambayo haijalipiwa, vyote hulala kimya muhula mzima halafu vinaamka siku ya kuchukua kitambulisho cha kufanyia mtihani. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kudai kwa mwanao, kabla hata ya kuuliza anakula nini, ni kalenda ya chuo, ile wanayoiita almanaka. Hutolewa kila mwaka wa masomo na haina siri. Andika kwenye kalenda ya ukutani tarehe nne: mwisho wa kujisajili, mwisho wa kuongeza au kuacha kozi, mwanzo wa mitihani ya mwisho wa muhula, na mitihani ya marudio. Hiyo ya nne wazazi wengi huisahau. Mitihani hiyo, yaani sapu, hufanyika likizo ya mwisho wa mwaka wa masomo, kijana yuko field, yaani mafunzo kwa vitendo, au yuko nyumbani anavuna mahindi, na asipotokea bila sababu iliyokubaliwa, hesabu yake inakuwa nyingine kabisa.

Kundi la WhatsApp nalipa nyota mbili. Likisimamiwa vizuri lina faida, hasa kwa mzazi wa mwaka wa kwanza ambaye hajui hata geti liko upande gani. Shida yake ni namna tangazo linavyopita. Saa nne usiku inatupwa picha ya karatasi iliyopigwa kwa pembeni, muhuri unaonekana, tarehe imekatwa chini. Zinafuata "Amina", "Asante mwalimu", maua, na mtu mmoja anatangaza mbegu za viazi. Asubuhi tangazo liko juu huko, hulioni. Ukiwa kwenye kundi la namna hiyo, mwombe admini atume faili lenyewe badala ya picha, na alibandike juu ya kundi. Na ukiona tangazo limeletwa na mzazi mwenzako kutoka kundi jingine, lisome jina la chuo na mwaka wa masomo kabla ya kuhangaika. Matangazo ya mwaka juzi yana tabia ya kurudi.

Tovuti za vyuo nazipa tatu. Ukurasa wa mbele hujaa picha za ziara na makongamano. Unachokitafuta kiko kwenye sehemu ya matangazo, kama faili la kupakua. Fungua faili, usiishie kwenye kichwa cha habari.

Mfumo wa wanafunzi ndio wenye ukweli wote. Vyuo huuita majina tofauti, ARIS, SARIS, OSIM, lakini kazi ni ileile: usajili, madai, malipo, matokeo. Mzazi hana akaunti yake humo, na hapo ndipo ugomvi wa ada unapozaliwa. Utaratibu ni huu. Mwanafunzi anaingia, anafungua sehemu ya malipo, anatengeneza ankara, na mfumo unatoa namba ya malipo. Kwa vyuo vya umma namba hiyo ni ya mfumo wa malipo wa Serikali, ina tarakimu 12 na huanza na 99. Unalipia benki, kwa wakala au kwa simu kwenye sehemu ya malipo ya Serikali. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la anayelipiwa na kiasi. Tulia hapo usome. Jina likiwa la mtu mwingine, ghairi.

Makosa ninayoyaona kila muhula ni yaleyale. La kwanza, kila deni lina namba yake. Namba ya hosteli hailipi ada, na namba ya muhula uliopita hailipi muhula huu. La pili, namba hizi zina tarehe ya mwisho. Ikipita, malipo yanakataliwa, na dawa yake ni mwanafunzi kutengeneza nyingine, si wewe kurudia ileile mara tano huku ukimlaumu wakala. La tatu, ankara nyingine zinapokea kiasi kamili tu, nyingine zinaruhusu kulipa kidogokidogo. Muulize kijana kabla hujaweka laki mbili kwenye deni la laki sita. La nne ndilo baya: kumtumia mtoto hela ya ada kwenye simu yake "akalipe mwenyewe". Mwombe namba ya malipo, lipa mwenyewe, tunza ujumbe wa muamala. Baada ya siku moja au mbili deni lisomeke sifuri kwenye mfumo. Lisiposomeka, mwanafunzi apeleke kumbukumbu ya muamala ofisi ya uhasibu mapema, maana wiki ya mwisho foleni ya pale inazunguka jengo. Kwa upande wa malipo mfumo unastahili nyota nne, na ya tano naizuia kwa sababu siku za mwisho za usajili huzidiwa na kugoma kufunguka.

Matokeo ni jambo jingine. Wazazi wengi hukasirika ofisi ikikataa kuwasomea alama kwenye simu. Mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Karani anayemsomea alama mtu asiyemjua kwenye simu anajitafutia matatizo. Mimi naona wako sahihi. Kubalianeni na mwanao tangu mwaka wa kwanza kwamba matokeo yakitoka atafungua akaunti yake mbele yako. Picha ya skrini usiiamini sana, vijana wa siku hizi wanajua kuihariri kuliko wapiga picha wa Mwanjelwa. Na ukifunguliwa, usikimbilie GPA, yaani wastani wa alama. Angalia kwanza maoni ya chini: amefaulu, ana sapu, ana kozi ya kukeri (ya kurudia mwaka unaofuata), matokeo hayajakamilika, au amedisko (ameondolewa masomoni). Kwa shahada, kipimo ni cha 5, kufaulu huanzia 2.0, na daraja la pili la juu huanzia 3.5.

Swali la maana zaidi liulizwe katikati ya muhula: CA, yaani alama za kazi za muhula, imefika ngapi? Kozi nyingi hugawa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho, na vyuo vingi vina kiwango cha chini cha CA ambacho asiyekifikia hakai kwenye mtihani. Kijana akijibu "testi hazijarudishwa" wiki ya 12, muulize jina la kozi. Akianza kusitasita, mnalo la kuzungumza.

Kuhusu mkopo, ofisi ya kutafuta chuoni ni dawati la mikopo, na serikali ya wanafunzi huwa na waziri wa mikopo ambaye mara nyingi ana majibu kabla ya ofisi. Sehemu ya ada huenda chuoni moja kwa moja; hela ya chakula na malazi, yaani boom, huingia benki kwa mwanafunzi, na ni lazima asaini kila awamu. Asiyesaini hapati, hata kama jina limo. Kiwango kamili ni shilingi 10,000 kwa siku, na awamu huhesabiwa siku 60, kwa hiyo 600,000. Mwanao akikwambia boom ya kwanza imechelewa na yuko mwaka wa pili au wa tatu, huenda anasema kweli: Bodi ya Mikopo husubiri chuo kipeleke matokeo na majina ya waliosajiliwa. Mwandalie hela ya kula ya wiki tatu au nne za mwanzo. Kisha mwombe afungue SIPA, akaunti yake kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, akuonyeshe mchanganuo, maana "nimepata mkopo" inaweza kuwa ni chakula kizima na ada robo, na zile robo tatu ni zako.

Bima ya afya ya mwanafunzi ina tatizo moja: kulipa hakutoshi mpaka chuo kipeleke orodha na kadi ianze kusoma. Ahakikishe inasoma akiwa mzima. Aliyekwishakatiwa bima na mzazi apeleke nakala ya kadi wakati wa usajili ili asitozwe tena. Na huku kwetu baridi ya Juni na Julai si mchezo. Mwenye pumu asitoke Dar bila dawa zake na blanketi zito, kwa sababu hita na majiko ya umeme hosteli nyingi hunyang'anya.

Akiugua karibu na mitihani, barua ya kuahirisha iandikwe kabla hajaingia chumba cha mtihani, ipitie idarani, iambatane na cheti cha hospitali inayotambuliwa na chuo. Aliyekwisha kufanya mtihani kisha akasema alikuwa na homa hasikilizwi. Ukitokea msiba nyumbani, barua ya mwenyekiti wa serikali ya kijiji au mtaa huharakisha ruhusa.

Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ndiyo huduma ninayoisifia bila kusita, kote kuwili. Ina washauri nasaha, inashughulikia hosteli, wagonjwa, waliokwama, na wasiopatikana kwenye simu. Ukipiga, uwe na namba ya usajili ya mwanao, jina kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, kozi, mwaka, na mahali anapolala. Anayeishi geto mtaani, uwe na namba ya mwenye nyumba na ya mwenzake mmoja wa darasa. Ofisi haiwezi kumgongea mlango mtu aliyepanga Ikuti au Kihesa bila kujua nyumba. Na binti, au kijana, akidaiwa rushwa ya ngono na mtu yeyote chuoni, msizunguke na kundi la WhatsApp: dawati la jinsia la chuo, au TAKUKURU kwa namba ya bure 113.

La mwisho ni matapeli, maana hao nao wamejifanya huduma ya wazazi. Ujumbe huja hivi: "Mwanao ameanguka, yuko hospitali, tuma laki mbili kwa namba hii apigwe picha." Hospitali ya Serikali hutoa namba ya malipo, haitumi namba ya simu ya mtu. Mpigie mwanao, kisha mwenzake wa chumbani, kisha ofisi ya mshauri. Ujumbe wenyewe usiufute. Uripoti kwenda 15040, pamoja na namba iliyoutuma.